Tuanzishe Jarida la Aina Gani?

Mada iliyotolewa na Kitengo cha Mawasiliano katika semina ya kamati za maendeleo za parokia. Tunaichapa kwa manufaa ya kamati ambazo hazikuwakilishwa, pamoja na wafadhili na marafiki wetu.



Kamati kadhaa zimetuomba ushauri kuhusu kuanzisha jarida la parokia. Maombi hayo yanafanana. Kamati imepata kompyuta na printa, yupo kijana anayejua kuchapa, na wajumbe wameona kwamba kazi za parokia hazijulikani vya kutosha. Ndipo tunapoulizwa: tutumie karatasi gani? Picha ziwe za rangi? Nakala ziwe ngapi?

Hayo ni maswali halali, lakini zamu yake ni ya mwisho. Swali la kwanza ni hili: jarida hilo litakuwa la aina gani, na litaandikwa kwa ajili ya nani? Tunaomba tulitazame kwa makini, kwa sababu jibu lake linagusa fedha za mradi, heshima ya watu tunaowahudumia, na uaminifu kati ya kijiji, parokia na mfadhili. Sote tunazijua dalili za jarida lililoanzishwa bila kulijibu. Toleo la kwanza lina picha nyingi za wageni rasmi, la pili linachelewa, na la tatu halitoki.

Tulikotoka

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA na wanafunzi wao kule Zanzibar walianza kutoa Msimulizi, jarida la Kiswahili lililo miongoni mwa ya kwanza kabisa katika eneo letu. Miaka michache baadaye, Magila karibu na Muheza, ikatoka Habari za Mwezi. Mwaka 1910 yakaanza magazeti mawili ya makanisa, Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Serikali ya Tanganyika nayo ikaanzisha Mambo Leo mwaka 1923, lililojulikana sana kwa barua na mashairi ya wasomaji wake.

Tazameni majina hayo. Msimulizi lilibeba habari za vituo vya misheni ili watu wa kituo kimoja wajue yanayowapata wenzao wa kituo kingine. Habari za Mwezi lilitaja hata muda wake: msomaji alijua alitegemee lini. Waanzilishi hao hawakuwa na mitambo kama tuliyo nayo leo. Walichokuwa nacho ni picha wazi ya msomaji wao.

Hata katika Maandiko, Luka anamtaja msomaji wake mwanzoni kabisa kwa jina lake, Theofilo, na anamweleza sababu ya kumwandikia kabla hajaanza kusimulia. Kamati inayotaka kuanzisha jarida ingefanya vema kujiuliza: Theofilo wetu ni nani?

Aina nne za majarida

Kwa jinsi tunavyoona, majarida ya parokia yanaangukia katika aina nne.

Aina ya kwanza ni jarida la matukio. Hili huandika ziara, sherehe, kipaimara, harambee na uzinduzi wa majengo. Ni rahisi kuandika na watu hupenda kujiona. Udhaifu wake ni kwamba habari huchakaa haraka. Aliyekuwepo anayajua tayari, na asiyekuwepo hapati cha kufanyia kazi.

Aina ya pili ni jarida la mafunzo. Hili hufundisha kilimo, afya, lishe, malezi au vikundi vya kuweka na kukopa. Faida yake ni kubwa, lakini linahitaji mtaalamu. Kipimo cha dawa ya mimea kikikosewa kwa tarakimu moja, mkulima anapata hasara au madhara. Tena linahitaji kufuata kalenda. Somo la kuandaa mbegu likitoka baada ya mvua kuanza, limechelewa kwa msimu mzima.

Aina ya tatu ni jarida la tafakari na ushuhuda. Hili hujenga imani na kufariji. Mara nyingi hutegemea mwandishi mmoja au wawili wenye karama hiyo, na wakihamishwa linanyamaza.

Aina ya nne ni jarida la miradi na hesabu. Hili hueleza mradi gani unaendelea, nani ametoa nini, kimetumikaje, kimebaki kiasi gani na kazi gani inafuata. Halina mvuto wa picha kubwa, na linaweza kuleta maswali magumu. Lakini ndilo ambalo hakuna gazeti jingine litakaloliandika kwa niaba yetu. Masuala ya kilimo yapo redioni, tafakari zipo katika magazeti ya kanisa, na sherehe watu wanatumiana kwa simu. Hesabu ya kisima cha kigango chenu iko kwenu tu.

Kamati nyingi hutaka zote nne katika kurasa chache. Wahenga walionya: mtaka yote hukosa yote. Jarida dogo linaloanza linaweza kubeba aina moja vizuri, pamoja na safu ndogo ya aina nyingine.

Maswali manne kabla ya kuamua

Kwanza, msomaji ni nani hasa? Jibu la "watu wote" halisaidii. Mama wa jumuiya aliyechangia debe mbili za mahindi kwa ajili ya ujenzi wa zahanati anataka kujua mambo tofauti na mfadhili aliye mbali. Mchague mmoja awe wa kwanza. Mwingine atasoma pia, lakini lugha, urefu na mifano itamfuata yule wa kwanza.

Pili, akimaliza kusoma atafanya nini? Huenda atahudhuria mkutano akiwa na swali, atachangia awamu ya pili, au atajiunga na kikundi. Kama kamati haiwezi kutaja hata tendo moja, basi bado haijapata aina ya jarida.

Tatu, sisi tunajua nini ambacho wengine hawakijui? Andikeni yale mliyo karibu nayo. Kamati ya maji inajua bomba limepasuka wapi, limetengenezwa kwa shilingi ngapi na nani anashika ufunguo wa tangi. Huo ni ujuzi. Usidharauliwe kwa sababu haufanani na habari za gazeti kubwa.

Nne, nani atabaki kuifanya kazi hii baada ya mwaka mmoja? Msihesabu shauku ya mkutano wa kwanza. Hesabuni watu watakaokuwapo wakati wa kulima, wakati wa kuvuna na wakati wa mitihani ya watoto.

Kipimo cha matoleo manane

Lipo zoezi dogo ambalo kamati inaweza kulifanya kwa jioni moja, bila gharama. Chukueni karatasi na kuandika namba 1 hadi 8. Hayo ni matoleo ya miaka miwili ikiwa jarida linatoka kila robo mwaka. Mbele ya kila namba andikeni habari kuu ya toleo hilo na jina la mtu atakayetoa maelezo.

Kama mnataka jarida la mafunzo na mtaalamu wenu ni afisa ugani mmoja, mwulizeni kama yuko tayari kwa matoleo yote. Kama mnataka jarida la matukio, angalieni kama mna habari zaidi ya Pasaka, Krismasi na sikukuu ya somo wa parokia. Kama mnataka la miradi na hesabu, orodhesheni miradi na tarehe za kufunga hesabu zake.

Karatasi ikikwama kwenye namba 3, msilazimishe. Badilisheni aina, au subirini. Parokia yenye ubao wa matangazo unaosomeka na kubadilishwa kila Jumapili inawahudumia waumini wake kuliko yenye jarida lililokufa.

Ushauri wetu

Baada ya kuyapima hayo, kitengo chetu kinashauri kamati zenye miradi zianze na aina ya nne, jarida la miradi na hesabu, na zimwandikie kwanza mwanakijiji. Tunatambua kwamba mazoea ni kinyume. Taarifa nzuri yenye picha humwendea mfadhili, naye aliyechimba mtaro hutangaziwa kwa maneno machache baada ya ibada.

Tutoe mfano wa kufikirika. Kigango kimejenga mradi wa maji. Mfadhili ametoa shilingi milioni 12. Wanakijiji wamechanga shilingi 1,500,000 taslimu. Zaidi ya hapo, watu 80 wamechimba mtaro kwa siku 5 kila mmoja, yaani siku 400 za kazi. Tukizithamini kwa shilingi 5,000 kwa siku, tunapata shilingi milioni 2. Thamani ya mradi mzima basi ni shilingi 15,500,000, na mchango wa wanakijiji ni shilingi 3,500,000, zaidi ya moja ya tano.

Hesabu hiyo ikiandikwa na kusomwa hadharani, mambo mawili hutokea. Mwanakijiji anaona kwamba mradi ni wake, kwa hiyo bomba likipasuka hasubiri mfadhili arudi. Na mfadhili anaona kwamba fedha zake hazikuanguka mahali penye mikono mitupu. Isipoandikwa, zile siku 400 hupotea kana kwamba hazikufanyika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho nalo ni mali.

Mtume Paulo alikuwa mwangalifu katika jambo hili. Alipokusanya mchango kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, hakutaka kuubeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kuhusu ndugu walioandamana naye ili asiwepo wa kulaumu namna mchango huo ulivyosimamiwa. Uwazi huo haukuwa dalili ya kutoaminiana. Ulilinda kazi na waliobeba dhamana yake.

Lisomwe kwa sauti

Wajumbe wengine wamesema, "Watu wetu hawasomi." Hapa tujifunze kwa historia ya nchi yetu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Wengi wao walikuwa wanaanza tu kujifunza kusoma. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika kikundi kilichosikiliza pamoja na kuamua pamoja.

Sisi tayari tuna vikundi vya namna hiyo. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976, jumuiya zimekuwa mahali ambapo waumini hukutana nyumba kwa nyumba. Jarida likifika huko, msomaji mmoja anatosha. Mwishoni mwa kila toleo wekeni maswali mawili ya kujadiliwa, na nafasi ya katibu wa jumuiya kuandika majibu. Majibu hayo yarudi kwa kamati, na toleo linalofuata liyajibu. Hapo jarida linakuwa mazungumzo, na kamati inaacha kuwa mtangazaji tu.

Kwa mpango huu gharama nayo inapungua. Parokia yenye jumuiya 30 na vigango 6 inahitaji nakala 2 kwa kila jumuiya, yaani 60, nakala 1 kwa ubao wa kila kigango, yaani 6, na nakala 4 za ofisi na kumbukumbu. Jumla ni nakala 70. Karatasi moja ya A4 ikichapwa pande mbili na kukunjwa katikati inatoa kurasa 4 ndogo. Kwa matoleo manne kwa mwaka ni karatasi 280. Rimu moja ina karatasi 500. Yaani jarida la mwaka mzima linaenea katika rimu moja, na karatasi zinabaki. Wenye simu wanaweza kupigiwa picha kurasa hizo na kutumiwa katika kundi la WhatsApp la jumuiya.

Kuhusu watenda kazi, tunapendekeza wanne. Mmoja akusanye na kuandika. Mweka hazina ahakiki kila tarakimu na kutia sahihi nakala ya kumbukumbu. Wa tatu asome yote kwa jicho la mtu asiyekuwepo. Wa nne asambaze na kurudisha majibu. Mwandishi na mweka hazina wasiwe mtu mmoja.

Heshima ya anayeandikwa

Aina yoyote mtakayochagua, kuna mpaka usiovukwa. Watoto yatima, wagonjwa, wajane na familia zenye shida si mapambo ya jarida. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na nguo chakavu leo atakuwa mtu mzima kesho katika kijiji hicho hicho. Hali ya afya ya mtu ni siri yake, hata kama matibabu yake yamelipwa na mradi.

Hili ni suala la sheria pia. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inaziwekea taarifa za afya ulinzi wa pekee. Utaratibu tunaoushauri ni rahisi. Mhusika aelezwe picha itakwenda wapi na nani ataiona. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe asikilizwe. Ridhaa iandikwe na kutunzwa. Mtu akikataa, asinyimwe huduma kwa sababu hiyo, na asiulizwe mara ya pili.

Vilevile, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inagusa leseni za magazeti na machapisho. Kabla ya toleo la kwanza, Baba Paroko au katibu aulize Idara ya Habari, MAELEZO, kama jarida mnalokusudia linahitaji leseni. Ni bora kuuliza mapema kuliko kusimamishwa mkiwa mmekwisha anza.

Maneno machache kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru wafadhili walioketi nasi. Tunalo ombi kwenu. Mara nyingi parokia huandika taarifa mbili: moja fupi kwa kijiji na nyingine ndefu kwenu, yenye lugha nyingine na wakati mwingine mkazo mwingine. Tunaomba mkubali kupokea jarida lile lile analosomewa mwanakijiji, likiambatana na tafsiri na barua fupi. Tarakimu ziwe zile zile, na matatizo yale yale yatajwe.

Mtapoteza kidogo. Hamtaona picha nyingi, na pengine mtasoma kwamba pampu ilikaa miezi miwili bila kufanya kazi. Lakini mtakuwa na taarifa iliyopita mbele ya mashahidi 30 wa jumuiya 30 kabla ya kuwafikia. Hakuna mkaguzi anayeujua mtaro ule kuliko waliouchimba.

Nanyi wajumbe wa kamati, msiogope kuandika kwamba pampu iliharibika. Kijiji kinajua tayari. Jarida likikaa kimya kuhusu jambo ambalo kila mtu analijua, halitaaminiwa hata linaposema kweli kuhusu mengine.

Hatua za kuanzia

Mkirudi nyumbani, tunapendekeza mfanye haya kabla ya robo mwaka inayokuja. Witeni kikao kimoja na kujibu yale maswali manne kwa maandishi. Fanyeni zoezi la matoleo manane. Chagueni aina moja. Wateueni watu wanne. Ulizeni kuhusu leseni. Kisha andaeni toleo la majaribio la karatasi moja na kulisoma katika jumuiya tatu tu. Sikilizeni wanapouliza, na hasa wanapochoka kusikiliza. Rekebisheni ndipo mchape kwa parokia nzima.

Kamati itakayoona kwamba haina mradi wala hesabu ya kueleza, bali ina katekista mwenye karama ya kuandika tafakari, ianze na tafakari kwa amani kabisa. Na ile yenye mganga wa zahanati aliye tayari kufundisha kila robo mwaka, ianze na mafunzo. Kipimo ni kile kile: msomaji anayejulikana, jambo tunalolijua, na watu watakaobaki kazini.

Kitengo chetu kiko tayari kupitia toleo la majaribio la kila kamati itakayolileta, na kukaa na wale watu wanne kwa siku moja katika parokia yao.